Kuku wa Shangazi na Firigisi ya Mama Mkwe

Mimi nilizaliwa na hasira, na bora niseme mapema msomaji asije akashangaa. Mama alikuwa akisema kwamba hata siku ya kubatizwa nilimkunjia padri ngumi. Basi nikifoka humu ndani, ni tabia tu, si chuki. Hata nikifurahi nafoka.

Ninachotaka kusimulia ni harusi yangu, na jinsi ilivyoponea chupuchupu kuharibiwa na kitu kisichoonekana kwa macho, kisicho na mguu wala mdomo, ambacho kilifika nyumbani kwetu Kibaoni, pale Ifakara, kimepakiwa katika tenga la shangazi. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa kiangazi. Mpunga ulikuwa umevunwa, mto umerudi nyuma, na kambale walikuwa wamebaki kwenye madimbwi wakisubiri mwenye bahati yake. Tangazo la kwanza la ndoa yetu lilikuwa limesomwa kanisani, na mimi nilikuwa natembea mabega juu kama nimenunua barabara.

Baba alikuwa marehemu. Mama alinilea kwa jembe na kuku. Kuku wake walijulikana Ifakara nzima, wekundu, wanene, wenye dharau. Mwaka ule hakuuza hata mmoja wala hakuchinjia mgeni, maana wote walikuwa wa harusi. Na si kwa ajili ya kushibisha watu tu. Kwetu, siku ya harusi, mama wa bwana harusi akila kwa mara ya kwanza mikononi mwa wakwe zake, anawekewa bakuli lake peke yake, kuku na wali, na juu kabisa iko firigisi. Siku za kawaida firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba. Siku hiyo ni ya yule mama. Akiitafuna anasema mbele ya watu, "Firigisi nimeipata," vigelegele vinapigwa, na hapo ndipo watu wanajua kwamba koo mbili zimekuwa moja. Mama alikuwa akiota bakuli lile tangu nikiwa mtoto. Mjane aliyesemwa kwamba hawezi kumwoza binti peke yake alitaka kuliweka bakuli lile mbele ya mkwe wake, watu wakiona. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Sasa aje shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akiishi Kisawasawa. Alishuka kwenye lori la mpunga na tenga la kuku kichwani, kuku wamefungwa kamba miguuni, na mkononi ameshika mwiko wake. Huyu mama alikuwa hasafiri bila mwiko wake. Alikuwa haamini mwiko wa mtu mwingine, wala jiko la mtu mwingine, ingawa jiko lenyewe akilikuta alikuwa analichukua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bibi harusi. Mbona umekonda? Wifi, mbona mtoto amekonda? Fungua banda, niwaingize hawa. Huko kwetu kuku wanakufa kwa mdondo, nyumba baada ya nyumba. Nimewakimbiza hawa wachache kabla hawajapatwa."

Nilimwona mama akilitazama lile tenga. Alikuwa anajua mdondo ni nini. Hakuna mfuga kuku asiyeujua, wengine wanauita kideri. Lakini atamwambiaje wifi yake arudi na kuku wake? Baba hayupo. Bila shangazi, upande wa baba hauna mtu, na harusi isiyo na upande wa baba ni mkutano tu. Tena kukimbiza kuku kwa ndugu ndiyo iliyokuwa desturi ya bonde zima. Mdondo ukiingia kijijini, unachukua wale wanaosimama bado, unawapeleka kwa dada, kwa kaka, kwa shemeji, wapone huko. Nani angemkatalia ndugu?

"Karibu, wifi," mama akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikasonya. Mama akanikata jicho.

Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Haki ya Mungu, wale walikuja na zaidi ya kamba. Hawakupita siku nyingi, jogoo mkubwa wa mama akaamka amenyong'onyea, mbawa zinaburuta chini, anahema mdomo wazi, kinyesi cha kijani. Jioni shingo ikapinda ikatazama nyuma. Nilimpenda yule jogoo, ijapokuwa aliwahi kunidonoa kisigino.

Wakati ule sikujua ndani yake kulikuwa na nini. Nilikuja kujua miaka mingi baadaye, nilipoajiriwa maabara ya mifugo, kazi yangu ikiwa kuyashika mayai mbele ya taa na kutazama kama kifaranga aliyemo bado yu hai. Kwa sababu kirusi cha mdondo, ukitaka kukikuza ili utengeneze chanjo, lazima ukipe kitu kilicho hai. Kiweke kwenye maji ya sukari, kwenye mchuzi wa nyama, kwenye pumba, hakitazaa hata kimoja. Hakili, hakipumui, hakikui. Ni uzi mmoja mwembamba wa maelekezo, huo unaoitwa RNA, umefungwa ndani ya protini na kuvikwa koti la mafuta. Basi. Maelekezo ya mapishi bila jiko.

Jiko ni la kuku. Kwenye koo la yule jogoo kuna seli, na juu ya ngozi ya kila seli kuna visukari vidogo vidogo. Koti la kirusi lina vishikio vinavyoshika visukari hivyo hivyo. Kikishajishikiza, protini nyingine ya koti lake inaliunganisha koti na ngozi ya seli, vinakuwa kitu kimoja, na ule uzi unamwagika ndani. Mlango haukuvunjwa. Mlango ulifunguka kama ulivyomfungukia shangazi.

Na kuna jambo ambalo mtaalamu wetu aliponieleza nilicheka hadi akaniuliza kama naumwa. Uzi wa kirusi hiki umeandikwa kinyume. Seli inavyo viwanda vyake vya kutengeneza protini, lakini haviwezi kuusoma uzi ule ulivyo. Kwa hiyo kirusi kinasafiri na mnakili wake mwenyewe, protini inayoupitia uzi na kutoa nakala zinazosomeka. Nikamwambia, "Bwana, huyo ni shangazi yangu na mwiko wake!" Kila kitu kingine anakikuta kwako: chungu, kuni, maji, unga, na wewe mwenyewe wa kupuliza moto. Mwiko tu ndio anakuja nao.

Nakala zikishatoka, viwanda vya seli vinaanza kutengeneza protini za kirusi badala ya kazi zake. Mnakili naye anatoa nyuzi mpya nzima nzima. Anafanya haraka, wala harudii kusoma alichoandika, ndiyo maana virusi vya RNA hubadilika upesi, na makosa mengine huvifaa. Kisha uzi mpya na protini mpya vinakusanyika chini ya ngozi ya seli, vinaisukuma kwa ndani, vinatoka nje vimejifunika kipande cha ngozi ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nami nilidhani wanasema juu ya chawa. Kirusi kimoja kinaingia, vinatoka vingi mno, na kila kimoja kinatafuta seli ya jirani. Seli ya kwanza imechoka, inakufa. Huyu si mgeni wa kupewa jembe siku ya tatu. Siku ya tatu jembe umeshashika wewe, unamchimbia jogoo wako shimo.

Ila sisi hatukumchimbia shimo. Tulimla! Ndivyo ilivyokuwa. Kuku akianza kusinzia, unawahi kisu kabla hajafa mwenyewe. Kibaoni nzima tulikula kuku juma lile. Kila ua unanuka mchuzi, watoto wana mafuta hadi kwenye nyusi, mtu anapita barabarani anasema, "Jamani, leo sikukuu gani?" Na manyoya na matumbo tuliyatupa nje, kuku wazima wakaja wakadonoa. Sijawahi kuona msiba unaonukia vizuri namna ile.

Ndipo akapita bwana mifugo na baiskeli yake, mtu mpole mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Alisimama kwenye ua wetu, akatazama manyoya, akavua kofia.

"Mama, hii haina dawa. Wanaokufa wafukieni, wachomeni, wasiliwe hovyo na manyoya yasitupwe. Na ninawaomba jambo moja, wanaosimama msiwahamishe. Msiwapeleke kwa ndugu. Huu ugonjwa hauna miguu, nyinyi ndio mnaoupa miguu. Kuku anaonekana mzima leo, kumbe ameshaubeba."

Shangazi alikuwa jikoni. Nilisikia mwiko ukinyamaza ndani ya chungu. Mimi nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia, nikaangalia uso wa mama, nikayameza yote. Yaliniunguza kama uji wa moto.

Kesho yake, asubuhi, mchumba wangu akaingia na baiskeli kutoka kijijini kwao Mbingu. Nyuma amefunga tenga jipya kabisa, alilisuka mwenyewe. Jasho linamtoka, anatabasamu. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuwaokoa kuku wa harusi," akasema. "Waliobaki nawapeleka kwa mama yangu kule Mbingu, huko hakuna mdondo. Siku ya harusi nawarudisha wote."

Mama alishika mikono yake kifuani. Walikuwa wamebaki kuku wachache bado wanakula, macho yanang'aa. Bakuli lake lilikuwa limesimama pale juani, linaparura mchanga. "Mungu akubariki, mwanangu," akamwambia, akaanza kuwaita, "Kurukuru, kurukuru..."

Mimi nikasimama mbele ya baiskeli.

"Hawaendi."

"We mtoto!"

"Hawaendi, mama. Bwana mifugo amesema. Hao wakienda Mbingu, kuku wa mama yake wanakufa wote. Halafu wa jirani yake. Tutakuwa tumempelekea mkwe msiba kabla hatujampelekea binti."

"Hawa wazima! Huna macho? Unataka nimpe mkwe wangu nini siku hiyo, mchicha?"

Mchumba wangu alinitazama, akatazama tenga lake zuri. Wewe, kumkatalia mwanaume mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa! Nilifikiri labda ataona amepata mke mkorofi, ageuze baiskeli na asirudi. Nilikuwa naogopa kweli. Lakini akaanza kufungua kamba za tenga polepole.

"Mama," akamwambia mama yangu kwa adabu sana, "huyu nimemzoea. Akisimama hivi, hata trekta halipiti."

Wale kuku walikufa wote. Walikufa hapo hapo kwenye ua wetu, mmoja mmoja, na kila anayepinda shingo mama alinitazama. "Umeniulia kuku wangu," aliniambia, mara moja tu, na baada ya hapo akanyamaza. Afadhali angenipiga. Ukimya wa mama ulikuwa haunifai mimi mtu wa kelele. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikamlaani bwana mifugo na kofia yake, maana sikuwa na uhakika. Nani angenithibitishia kwamba kuku wa Mbingu wangekufa? Kitu usichokiona, umekizuia ama hukukizuia, utajuaje?

Alibaki kuku mmoja tu, na huyo hakuna aliyemhesabu kwa sababu alikuwa anaatamia. Kwetu kuku anayeatamia haonyeshwi mtu. Jicho la mgeni linaozesha mayai. Mama alikuwa amemficha ghalani, nyuma ya magunia ya mpunga, tangu juma la tangazo la kwanza, kabla shangazi hajashuka kwenye lori. Alikuwa akimpelekea chakula na maji yeye peke yake, na haingii mle bila kunawa mikono kwa majivu, ili harufu ya samaki au kitunguu isiyafikie mayai. Ndiyo desturi, aliirithi kwa bibi. Nilipokuja kusoma kwamba lile koti la mafuta la kirusi halivumilii majivu wala sabuni, linayeyuka na uzi unabaki uchi usiofaa kitu, niliweka kikombe cha chai chini. Bahati nayo ilikuwepo, sikatai.

Siku ya harusi ikafika. Kanisani kila kitu kilikwenda sawa, isipokuwa kiatu changu kimoja kilikuwa cha kuazima na kilijua hivyo. Nyumbani kulikuwa na wali wa kumwaga, togwa, na kambale wengi ajabu, maana shangazi alikuwa amedamka kwenda kwa wavuvi, akachagua mwenyewe, akapika mwenyewe, kwa mwiko wake. Hakuomba radhi kwa mdomo. Aliomba kwa kambale, wa kukaanga, wa nazi, wa kukausha. Ukimtazama unaona macho mekundu, unamwuliza, anasema ni moshi.

Mama mkwe aliketi kwenye mkeka mpya. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na wageni wa Mbingu walikaa nyuma yake wakisubiri bakuli. Nilimwona mama akisimama mlangoni mikono mitupu. Kisha akageuka, akaingia ghalani. Akatoka na yule kuku kifuani, na mkono mwingine ameshika kisu.

Nilisimama na shela yangu. "Mama, usimchinje!"

"Nyamaza," akasema. Sauti ilikuwa imechoka. "Leo hutanizuia."

Yule kuku alikuwa anapiga kelele na kuchachamaa. Mama mkwe akainua mkono.

"Mkwe, ngoja. Huyo kuku anaatamia?"

"Anaatamia, mkwe."

"Mayai yamefikia wapi?"

Mama akainamisha kichwa. "Leo asubuhi yameanza kulia."

Vifaranga walikuwa wanagonga maganda. Mama mkwe akapiga kofi paja lake. "Basi mrudishe upesi, wasipate baridi! Mrudishe, mkwe. Mimi nyumbani nina banda zima la kuku, wananiamsha alfajiri kwa makelele. Mwanangu alinieleza kwa nini wako hai. Aliniambia kuku wenu walitakiwa kuja kwangu, na nyumba hii ikakubali wafie hapa. Nitakula kuku mara ngapi?"

Mama alinitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama vizuri tangu siku ile ya baiskeli, na macho yake yakajaa machozi. Akamrudisha kuku ghalani mbio, kisu akakiacha njiani.

Mama mkwe akajivutia sahani ya shangazi. Akachukua kipande cha kambale, akakiweka kwa heshima juu ya wali wake, katikati kabisa, akakitazama, akakila. Alitafuna taratibu kama mtu anayetafuta kasoro. Mkeka mzima umekata pumzi. Akatema mwiba mmoja kiganjani, akaufunga ndani ya leso, akasimama na urefu wake wote.

"Firigisi," akasema kwa sauti kubwa, "nimeipata!"

Loo! Vigelegele vile sijavisikia tena. Shangazi alirusha mwiko juu, ukaanguka kwenye togwa. Mama alitoka ghalani anacheka na kulia, akamkumbatia mkwe wake, kisha akanikumbatia mimi na kuninong'oneza, "Mkorofi wewe." Nikajua nimesamehewa, nami nikafoka kwa furaha.

Vifaranga wale wakawa kuku wa mama, na wajukuu wao wakaja kwangu Mbingu. Mama mkwe niliishi naye muda mrefu, akazeeka mikononi mwangu. Kila nilipochinja kuku nilimwekea firigisi yake juu ya wali. Aliitafuna polepole, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Nzuri," alikuwa akisema, "lakini haina mwiba kama ile ya mama yako."